Nyumba ya kustaafia: namna ya kuchagua mahali kabla ya kutoa mkupuo

Tanzania hatuna miji iliyojengwa kwa ajili ya wazee peke yao, kama Sun City ya Arizona, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1960. Mtumishi anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, au kwa lazima akiwa na 60, anajitafutia mwenyewe: kiwanja Bagamoyo, nyumba iliyokwisha kujengwa Kibaha, fleti ya shirika la umma Dar es Salaam, au kurudi kihambani, yaani shamba la ukoo, Moshi. Makosa mengi hutokea miezi ya mwanzo, fedha za mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa pamoja, zikiwa bado benki na kila dalali, shemeji na jirani wa zamani "anajua mahali pazuri".

Dalali huanza na bei, kisha mandhari, kisha "hati ipo". Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Anza na hospitali, ufuate udongo na maji, kisha watu, halafu nyumba yenyewe. Ukishapapenda mahali kwa sababu hizo ndipo uombe karatasi. Na mahali ufikirie jinsi utakavyokuwa na miaka 75, maana mwenye 60 anaweza kuishi karibu popote.

Hospitali: hesabu dakika

Andika kwenye karatasi maradhi uliyo nayo wewe na mwenzako, pamoja na yanayotembea katika ukoo: presha, sukari, moyo, figo, macho, tezi dume. Mbele ya kila moja andika linatibiwa wapi. Dawa ya presha utaipata kwenye kituo cha afya cha kata. Moyo ukihitaji utaalamu mkubwa ni Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, saratani ni Ocean Road au hospitali kubwa za kanda kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ugonjwa wa kuutazama zaidi ni figo: anayesafishwa damu huenda mara mbili au tatu kwa wiki, kila wiki, na kila mara hukaa kitandani saa kadhaa. Ukiweka makazi saa mbili kutoka kwenye mashine hizo, maisha yako yote yatageuka safari.

Kisha ujaribu njia yenyewe mara mbili. Mara ya kwanza Jumatatu saa moja asubuhi, mara ya pili Jumamosi saa tano usiku. Andika dakika. Usiku angalia kama bajaji inakubali kuingia hadi mlangoni au inakushusha barabarani, na kama gari la wagonjwa linaweza kugeuza mbele ya geti. Kipimo chetu ni nusu saa hadi hospitali yenye daktari usiku, na saa mbili hadi hospitali ya rufaa. Zaidi ya hapo unabahatisha.

Ramani hudanganya. Kibamba na Kibaha huonekana mbali na mjini, lakini hospitali ya Mloganzila iko upande huohuo wa barabara ya Morogoro. Kigamboni iko karibu sana na Muhimbili kwa macho, ila katikati kuna bahari: ni pantoni au daraja. Morogoro imesogea tangu treni ya mwendokasi ianze Juni 2024, maana sasa ni chini ya saa mbili hadi Dar es Salaam, hivyo mtu anaweza kuishi chini ya Uluguru na kuhudhuria kliniki Muhimbili. Kwa miadi ya kliniki, sawa. Kiharusi cha saa nane usiku hakisubiri ratiba ya treni.

Udongo na maji: nenda mvua ikinyesha

Nyumba ya Pwani usiinunue kabla ya kuiona katika masika, kati ya Machi na Mei. Dodoma au Mbeya subiri kati ya Desemba na Aprili. Kama unaweza, panga chumba mtaa huohuo kwa miezi sita. Kodi yake ni ndogo ukilinganisha na kosa la kununua bondeni.

Ukifika, chuchumaa uangalie kuta upande wa chini. Rangi mpya inayoishia usawa wa kiuno huku juu pakiwa na rangi ya zamani ina kitu inachoficha, mara nyingi mstari wa maji. Bonyeza lipu karibu na sakafu kwa kidole gumba: ikimomonyoka kama unga na kuacha chumvi nyeupe, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Funua mfuniko wa shimo la choo. Maji yakiwa yamejaa karibu na juu na nyumba ina mtu mmoja tu, ardhi hainyonyi, na wakati wa mvua utaita gari la kunyonya kila mara. Baada ya hapo usimuulize muuzaji. Muulize mama wa genge na vijana wa bodaboda: "Mvua ya mwaka jana ilifika wapi?" Watakuonyesha kwa mkono.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wa Jangwani na mabonde mengine hadi Mabwepande, na bado mabonde hayo yana wauzaji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ile nyumba ya "kusikia mawimbi kitandani" ipimie kamba kwanza. Hifadhi ya barabara nayo ina mtego wake: kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa pale, nyingine za watu waliokaa miaka mingi.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika, huvimba na kusinyaa, na kuta hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha. Ufa mwembamba kama unywele si taabu. Ufa unaoingiza sarafu ya shilingi 200 ni wa kuitia fundi wa msingi kabla ya mazungumzo mengine. Karibu na bahari tatizo ni chumvi: mabati, nondo na grili huliwa mapema, kwa hiyo tenga bajeti ya kupaka rangi ya kuzuia kutu kila baada ya miaka michache.

Maji ya bomba yakiwepo, uliza yanatoka siku gani. Hesabu ni rahisi: watu wawili kwa lita 70 kila mmoja ni lita 140 kwa siku, basi tangi la lita 2,000 linawatosha kama wiki mbili bila kumwagilia bustani. Kisima cha Pwani kinaweza kuwa na chumvi. Nawa kwa sabuni ya kipande; isipotoa povu, maji hayo ni magumu au yana chumvi, na hita na mabomba hayatadumu.

Watu

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwa sababu nyumba haionyeshi. Mzee anayehamia mahali asipojulikana huanza upya. Uliza kama mtaa una chama cha kufa na kuzikana, na kama kinapokea wageni. Uliza msikiti au kanisa liko umbali gani kwa miguu, si kwa gari, maana siku moja utaacha kuendesha. Uliza makaburi yako wapi. Watu huona haya kuuliza hili, lakini familia italiuliza siku ngumu kuliko zote.

Pita tena Ijumaa na Jumamosi usiku. Baa yenye spika nje, ukumbi wa sherehe, au kiwanja kitupu jirani ambacho mpango wa mji unakiita cha biashara, vyote vitakunyima usingizi. Matumizi ya viwanja vya jirani yanaonekana kwenye ramani ya mipango miji katika ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Kurudi kijijini kuna faida ya ndugu na gharama ndogo, lakini kihamba ni cha ukoo. Ukijenga nyumba ya milioni 80 juu ya ardhi ambayo kaka zako nao wanaihesabu yao, watoto wako watarithi kesi. Mpaka wako uandikwe kwanza, ndugu wote watie saini, ndipo tofali la kwanza liwekwe.

Nyumba yenyewe

Chukua futi kamba. Mlango wa choo na bafu uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 angalau. Mingi hujengwa myembamba na kiti cha magurudumu hakipiti. Ngazi ya kupandia barazani isizidi sentimita 15 kwa kila kidato, tena iwe na mahali pa kushika. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhesabiwa 1 kwa 12: baraza iliyoinuka sentimita 30 inahitaji njia ya mita 3.6, basi angalia kama uwanja unaitosha. Choo kiwe cha kukaa, au kiwe na nafasi ya kukibadilisha. Vigae vinavyong'aa bafuni ni adui wa nyonga. Vibadilishe kabla ya kuhamia.

Fleti ina ulinzi na majirani wa karibu, lakini soma kanuni za umoja wa wamiliki chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Uliza ada ya mwezi, nani anadaiwa, lifti iliharibika mara ngapi mwaka huu na jenereta inaiendesha au la. Ghorofa ya nne isiyo na lifti, hata kwa nusu bei, iwachie vijana.

Karatasi, kwa mpangilio huu

1. Jua unauziwa kitu gani. Hati miliki ndiyo imara zaidi, na muda wake ni miaka 33, 66 au 99: angalia imebaki mingapi. "Ofa", yaani barua ya toleo, bado haijasajiliwa, kwa hiyo jalada lake likaguliwe halmashauri. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi. Ardhi ya kijiji, yenye hakimiliki ya kimila, haiwezi kwenda kwa mgeni bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Dai muhtasari wa kikao. Mkataba wa serikali ya mtaa pekee unathibitisha kwamba mlionana mbele ya mwenyekiti, basi.

2. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako, usikubali upekuzi ulioletwa na muuzaji. Unatafuta jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio la mtu mwingine na deni la kodi ya pango la ardhi.

3. Lete mpima ardhi aliyesajiliwa. Kila bikoni, yaani alama ya mpaka, ina namba iliyochongwa kwenye zege. Isafishe udongo, uisome, uilinganishe na ramani iliyomo kwenye hati. Bikoni iliyong'olewa na kusogezwa hatua tatu ni ugomvi wa mpaka uliokwisha kuanza, umebaki wewe tu kuingia.

4. Mwone mke au mume wa muuzaji uso kwa uso. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Muuzaji akisema "mke wangu yuko safarini", subiri arudi. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi watie saini.

5. Lipa kwa benki, kwa awamu, na ushikilie sehemu, tuseme asilimia 20, hadi uhamisho usajiliwe. Muuzaji anayekataa hilo huku akidai ana haraka ya kusafiri amekujibu swali lako.

Gharama zinazosahauliwa

Nyumba ya milioni 90 haiishii milioni 90. Kuna ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1, ambao hapa ni kama 900,000, kisha mthamini, mpima, wakili na ada za usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, lakini isipolipwa TRA uhamisho wako unakwama, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa na lini. Ushauri wetu ni nyumba na matengenezo yake visizidi nusu ya mkupuo. Pensheni ya mwezi italisha, haitaezeka paa.

Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa ghorofa. Mwenye miaka 60 au zaidi anaweza kusamehewa kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini msamaha haujileti. Ukishapata hati yenye jina lako, beba nakala yake, kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa na namba ya mita, uende ukaombe kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo wilayani. Kama mita bado ina jina la muuzaji, anza TANESCO.