Viza ya masomo ikikataliwa: anza na barua, si na maombi mapya

Jibu la "hapana" likishafika, wengi hukimbilia kutuma maombi yale yale upya, kwa papara, machozi hayajakauka. Hiyo ndiyo njia ya mkato ya kukataliwa mara ya pili, na safari hii ada zimelipwa mara mbili. Somo hili nawaandikia vijana wetu wa Tabora, Urambo na Kaliua, na wenzao wa Kigoma na Kasulu, waliopata chuo nje, ukoo ukachanga, halafu viza ikagoma. Nimelipanga kwa hatua, ila hatua hazilingani uzito. Ya tatu, ya pesa, msiipite haraka.

Hatua ya 1: Barua iwe mkononi mwako

Nasema barua yenyewe, si "wakala ameniambia". Vijana wengi hujaziwa fomu stesheneri, na barua pepe inayoandikwa pale ni ya yule aliyekaa kwenye kompyuta. Jibu linakwenda kwake, linakaa huko wiki mbili, na wewe unaletewa muhtasari wa maneno mawili: "wamekataa". Dai kurasa zote pamoja na nakala ya fomu iliyotumwa kwa jina lako. Fungua barua pepe yako mwenyewe kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Kisha tazama tarehe, maana muda wa kupinga uamuzi haukusubiri.

Siku hiyo hiyo kiandikie chuo. Uliza kama udahili unaweza kuahirishwa hadi muhula ujao, na kama amana uliyolipa inarudishwa. Vyuo vingi huirudisha ukionyesha barua ya kukataliwa. Kwa Uingereza, ile ada ya huduma ya afya uliyoilipa na maombi hurudishwa viza ikikataliwa. Ada ya viza yenyewe hairudi.

Hatua ya 2: Afisa amekosea, au faili letu lilipungua?

Swali hili ndilo linaloamua njia, na kila nchi ina njia yake.

Uingereza ina mapitio ya kiutawala. Aliyeomba akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apate uamuzi, na ada ni pauni 80. Mapitio hayo huangalia kama afisa alikosea kwa nyaraka alizokuwa nazo mezani. Kwa kawaida si mahali pa kuongeza nyaraka ulizozisahau. Kama kasoro ilikuwa yako, omba upya, na kabla ya hapo kiombe chuo namba mpya ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea, kwa sababu namba moja hutumika kwa maombi mara moja tu.

Kanada, barua mara nyingi husema afisa hakuridhika kwamba utaondoka masomo yakiisha. Sentensi hiyo peke yake haikusaidii. Unachohitaji ni maelezo aliyoyaandika afisa alipofanya uamuzi. Tangu Julai 2025 baadhi ya barua huja nayo. Kama yako haina, maelezo hayo yanaweza kuombwa kupitia mtu aliyeko Kanada uliyemridhia kwa maandishi. Ipo pia Mahakama ya Shirikisho, siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, lakini unahitaji wakili, na hata ukishinda mahakama haikupi viza: kwa kawaida faili linarudishwa kwa afisa mwingine aliamue upya. Kwa familia nyingi za huku, maombi mapya yaliyoandaliwa vizuri ni nafuu kuliko kesi.

Ujerumani, tahadhari. Bado kuna watu wanawaambia vijana waandike barua ya kuuomba ubalozi ufikirie upya. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: kuomba upya, au kufungua shauri Mahakama ya Utawala ya Berlin.

Marekani, wanaonyimwa kwa kifungu 214(b), yaani afisa hakuridhika kwamba utarudi nyumbani, hawana rufaa. Kifungu 221(g) ni tofauti: mara nyingi maana yake ni kwamba kuna nyaraka inadaiwa au uchunguzi haujaisha, na ukidaiwa nyaraka una mwaka mmoja wa kuipeleka. Lakini tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 limeiweka Tanzania kwenye nchi zilizozuiliwa kwa sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na viza za F, M na J, yaani za wanafunzi na za programu za kubadilishana, zimo. Usilipe ada yoyote kabla ya kusoma tovuti ya ubalozi jinsi mambo yalivyo siku hiyo.

Hatua ya 3: Pesa, na historia ya pesa

Hapa ndipo watoto wa wakulima na wachuuzi wanapoumizwa, na inaniuma, kwa sababu pesa huwa ipo kweli.

Chukua mzazi wa Urambo anayelima tumbaku. Stetimenti yake ya benki inaonyesha salio la elfu arobaini, miezi inapita, halafu masoko yanafunguliwa na milioni kadhaa zinaingia kwa mkupuo. Mkulima mwenzake anaona malipo ya msimu. Afisa asiyejua tumbaku inavyouzwa anaona pesa ya kuazima. Basi usimwachie kazi ya kubahatisha. Ambatanisha karatasi za mauzo, barua ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayosema mzazi ni mwanachama na aliuza kilo ngapi, na stetimenti ya msimu uliotangulia ionyeshe mkupuo kama huo. Halafu andika ukurasa mmoja kwa Kiingereza chepesi: tarehe fulani, kiasi fulani, kimetoka hapa, ushahidi ni karatasi namba fulani. Kwa anayeuza dagaa au mawese Kigoma, kazi hiyo hufanywa na leseni ya biashara, risiti za mashine ya EFD na nyaraka za kodi za TRA (Mamlaka ya Mapato). Pesa iliyolala nyumbani haina historia. Ipitishe benki mapema, kidogo kidogo, kadiri inavyopatikana.

Uingereza wana sheria ya siku 28: kiasi kinachotakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka, na siku ya mwisho ya hesabu iwe ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Ukitoa elfu hamsini ya msiba siku ya 20 na salio likashuka chini ya kiwango, hesabu inaanza upya.

Hatua ya 4: Majina, kisha ukweli

Linganisha cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya NECTA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, shughulikia kwa wakili sasa. Na fomu mpya ikiuliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, jibu ni ndiyo, pamoja na mwaka na sababu. Uingereza, Kanada, Marekani, Australia na New Zealand hupeana taarifa. Kukataliwa kunasameheka; kudanganya kunaweza kukufungia Kanada miaka 5 na Uingereza miaka 10.

Maswali ya wasomaji

*Kasulu:* Shikamoo mwalimu. Anayenisomesha ni baba mdogo, na Uingereza wamekataa kwa sababu pesa iko kwenye akaunti yake. Naweza kuapa kwamba ni baba yangu mzazi?

Marahaba mwanangu. Usithubutu, huo ndio uongo wa miaka 10. Uingereza hukubali akaunti yako, ya mzazi, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Baba mdogo ahamishie pesa kwenye akaunti yako, ikae siku 28, na aandike barua kwamba amekupa. Ukitumia akaunti ya mzazi, weka cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.

*Tabora mjini:* Mwalimu, kuna wakala anataka laki nane, anasema ana mtu ubalozini na atatutengenezea stetimenti nzuri.

Mzazi mwenzangu, mtu wa namna hiyo hauzi viza, anauza jina la mwanao. Muulize kama ana kibali cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha kupeleka wanafunzi nje, kisha uhakikishe TCU wenyewe. Stetimenti ya kughushi ikigundulika, anayefungiwa ni mwombaji. Wakala atahamisha ofisi tu.

*Ujiji:* Habari za kazi mwalimu. Naomba Kanada mara ya pili. Ni lazima nipande treni tena hadi Dar kutoa alama za vidole?

Nzuri. Kanada hutunza alama za vidole kwa miaka 10, kwa hiyo kama ulitoa safari ya kwanza na ada ikalipwa, hulazimiki kuzitoa tena. Jaza maombi mtandaoni, weka namba ile ile ya mteja iliyo kwenye barua ya kukataliwa, na nauli ya treni itumie kupata tafsiri rasmi ya vyeti vilivyo kwa Kiswahili.