Acha banio livuje

Mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Mbarali, nina majaruba ya ekari mbili na nusu, na mwaka wa tisa huu ni katibu wa jumuiya ya watumia maji ya kijito chetu. Nimeanza na mpunga makusudi, usije ukadhani unafundishwa na mtu anayependa kambare kuliko wali. Hapa naeleza namna ya kugawa maji ya mto mdogo, mashamba yapate na mto nao ubaki mto.

Kijito chetu huishia Ruaha Mkuu. Huo nao hupita kwenye ardhi oevu ya Ihefu, ukaruka kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, ukaendelea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, halafu Mtera na Kidatu kunakofuliwa umeme. Tangu 1993 mto hukauka hifadhini wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. 2010 ilikuja ikapita.

Sisi wa juu tulikuwa na utetezi wetu: tunachochukua ni kidogo. Lakini Ihefu ni sufuria pana, mpaka ijae ndipo maji yaruke kizingiti, na jua halijui huruma. Watafiti walipiga hesabu kwamba ili ipite nusu mita ya ujazo kwa sekunde pale Ng'iriama kiangazi, inabidi ziingie Ihefu kama 7. Kwa hiyo kidogo chetu kikijumlishwa na kidogo cha kila mfereji, ndiyo hiyo saba.

Tulivyokosea

Banio letu la zamani, yaani kizuizi cha kugeuzia maji ya mto yaingie mferejini, lilikuwa la mawe, magogo, majani na udongo. Kila mafuriko yakilizoa, tunatoka kijiji kizima kulijenga upya. Tukaletewa la zege, lenye malango ya chuma ya kuzungusha. Siku ya kukabidhiwa tulicheza ngoma. Kiangazi cha kwanza tukateremsha lango la upande wa mto hadi chini kabisa, maji yote yakaingia mferejini.

Siku ya nne nilishuka chini ya banio kumtafuta mbuzi. Mawe yalikuwa meupe, konokono wamekaukia juu yake. Kilindi cha chini ya mkuyu, ambacho tangu utoto wangu sikuwahi kuona sakafu yake, kilikuwa tope la ukubwa wa chumba, na kambare wanachungulia humo kuvuta hewa. Watoto wanawaokota kwa ndoo. Korongo wamejipanga ukingoni kama watu wa msibani wanaosubiri pilau.

Alikuwepo mzee aliyewahi kuwa mgawa maji enzi za banio la mawe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeona?"

"Nimeona. Mbona zamani hapakuwa hivi, na maji tulikuwa tunachukua?"

"Lile lilikuwa linavuja. Hili halivuji."

Hicho ndicho ninachotaka kukufundisha: jenga uvujaji makusudi. Usiweke fungu la mto kwenye ahadi wala kwenye muhtasari wa kikao. Liweke kwenye zege.

Pima kwanza

Mtu asiyejua lita zake atabishana mpaka kesho. Chagua mahali mto umenyooka, pima mita 10 kwa kamba. Rusha chungwa juu kidogo ya mwanzo wa kamba, hesabu sekunde kwa simu. Chungwa ni bora kuliko gunzi kwa sababu huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Rudia mara tano, upate wastani. Kisha pima upana, na kina sehemu tano au sita kukatisha mto.

Mfano wa Agosti moja kwetu: upana mita 4, kina cha wastani sentimita 30, eneo la maji ni mita za mraba 1.2. Chungwa lilitumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8, maana juu maji hukimbia kuliko chini: 0.32. Zidisha na eneo: 0.384. Hizo ni lita 384 kwa sekunde. Pima juu ya banio na chini yake siku hiyo hiyo. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, juu palikuwa na lita zaidi ya mia tatu, chini hata chungwa halikuelea. Kikao kilinyamaza.

Jua mto unataka nini

Shuka mto kwa miguu, kilomita moja au mbili, utafute pale panapokauka kwanza. Si vilindini, ni kwenye mawe maji yanapopita kwa kelele. Pale ndipo wadudu wadogo wanaoliwa na samaki hukaa chini ya mawe, na ndipo samaki hupita kutoka kilindi hadi kilindi. Sisi tulisimika nondo yenye alama za sentimita kwenye mawe hayo, pale maji yanapokuwa na kina kifupi kuliko kote, tukakubaliana maji yafunike mgongo wa kambare mwenye unene wa mkono. Ilitoka sentimita 18. Yako itatofautiana, usininakili.

Pengo

Kwenye ukuta wa banio, upande wa mto, tulikata pengo la upana wa sentimita 40 lisilo na lango. Jambo la kushika ni hili: sakafu ya pengo iwe chini kuliko sakafu ya mdomo wa mfereji. Maji yakipungua, mto hunywa kwanza, mfereji unapata kinachozidi. Ukikosea ukaweka juu, umejenga pambo. Kabla ya kukata, jaribu kwa kufungua lango kidogo kidogo mpaka nondo ya chini isome unachotaka, ndipo upime ukubwa. Na kabla ya nyundo kugusa zege, pata kwa maandishi ridhaa ya bodi ya maji ya bonde lako.

Kwa nini si bomba? Tulianza na bomba la inchi 6. Majani yaliliziba ndani ya wiki, na yasipoliziba majani, kuna mtu ana gunia. Bomba liko ndani ya maji, nani ataona? Pengo linaonekana hata na mpita njia mwenye baiskeli.

Anayesema unawapendelea samaki, msomee Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Maji ya nyumbani ndiyo ya kwanza, yanafuata ya kuhifadhi mazingira ya mto, ndipo mashamba na wengine wote.

Mafuriko na kufunga

Mvua za kwanza, mwishoni mwa mwaka, kila mtu anakimbilia lango ili aloweshe kitalu. Zuia. Furiko la kwanza na la pili yapite bila kuguswa. Ndiyo yanayomwita kambare kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa, na ndiyo yanayofagia tope mawe yapumue. Ni siku chache tu, mpunga haufi.

Ukibadilisha maji, fanya taratibu: robo ya mzunguko, subiri masaa mawili matatu, robo nyingine. Ukifunga kwa mkupuo, vifaranga wa samaki hubaki kwenye vidimbwi vya pembeni na jioni ni chakula cha ndege.

Na mpunga ukishavunwa, funga mfereji. Hapa ndipo maji mengi hupotea bila mtu kuyala. Kwetu mfereji wa kilomita sita ulikuwa unaachwa wazi kiangazi kizima kwa ajili ya ndoo za kuoshea vyombo na matofali ya watu wawili, karibu maji yote yakiishia ardhini na juani. Tuliwachimbia akina mama kisima cha pampu ya mkono kwanza, lango tukalifunga baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, utaamka lango halina gurudumu.

Kikao kikiwa kigumu, chukua gololi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine na wenzao wa Uingereza waliwahi kutembeza huku kwetu, bonde la Usangu, ubao ulioinama, umechongwa mto katikati na mifereji pembeni. Gololi zinateremka, kila mtu anazitega na vijiti vyake. Aliyekaa chini anaambulia mikono mitupu, halafu mnabadilishana viti. Fundi seremala wetu alituchongea ubao kama huo kwa mbao za mninga zilizobaki. Nimeona bwana mmoja mwenye majaruba ya juu kabisa akikasirika kweli kweli kwa kukosa gololi.

Mlinzi wa pengo ni daftari. Tunapokezana kwa wiki: tarehe, nondo inasoma ngapi, pengo liko wazi au la. Ukurasa wangu wa Oktoba iliyopita unasema: "Sm 11 alfajiri. Pengo limezibwa, gunia la mbolea lenye mchanga. Limetolewa. Sm 19 saa nne asubuhi. Gunia nimelifua, naweka pumba."