Wasia wa wenye watoto wadogo: anza na daftari la madeni

Wanaonijia hapa Chake Chake huanza na suali moja: "Nyumba nimwandikie nani?" Kwa Muislamu, suali hilo limeshajibiwa. Mjane wa aliyeacha watoto ana thumni (moja ya nane), mama wa marehemu sudusi (moja ya sita), mtoto wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Wasia hauyapindui. Ulichobakishiwa ni madeni, thuluthi (ile moja ya tatu ya mali unayoweza kuiusia), na mshika mali ya watoto mpaka wabaleghe. Mke na mume kila mmoja aandike wake.

Hatua ya 1: Andika madeni, unayodai na unayodaiwa, na mahari uliyobakisha kwa mkeo. (Hayo ya mahari wanaume huyasahau ajabu!) Deni hulipwa baada ya maziko, kabla ya wasia na urithi.

Hatua ya 2: Orodhesha mali. Miti itaje mbali na ardhi, maana mwenye mikarafuu huenda si mwenye shamba. "Mikarafuu 12 iliyomo shambani kwa ami" ni bora kuliko "shamba langu".

Hatua ya 3: Chagua wasii, yaani huyo mshika mali ya watoto. Hapa tulia. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, baba akifa, mali ya watoto husimamiwa na babu mzaa baba akiwa hai na anafaa. Huwezi kumruka kwa kalamu. Kama hayupo, ni yule uliyemtaja, na mama yao akiwa na sifa ndiye aula, yaani anayestahiki zaidi. Nami kila siku nasema hivyo hivyo: mtajeni mama. Ami anayemwaga pesa harusini sijui atakuwaje na ada za skuli. Umtakaye muulize kwanza, maana anaweza kukataa, kisha taja wa akiba.

Hatua ya 4: Thuluthi hukatwa katika kilichobaki baada ya madeni. Mrithi hapewi mpaka warithi wenziwe waridhie baada ya kufa kwako, na mtoto mdogo hana ridhaa. Basi mfikirie asiyerithi: mtoto wa kulea, au mjukuu aliyefiwa na baba.

Hatua ya 5: Tia tarehe na saini mbele ya mashahidi wawili waadilifu, wasiokuwa warithi. Nakala moja mpe wasii. Kwetu Zanzibar, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu. Waulize wao kabla hujafunga bahasha.

Akizaliwa mwengine, au wasii akifa, andika upya na uchane wa zamani.