Ukitazama Jupiter na Antiope wa Rembrandt

Chapa hii ya 1659 ya Rembrandt, msanii wa Uholanzi, ni picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba, na mistari yake si ya aina moja. Shika lenzi inayokuza mara 10, mwanga utoke ubavuni, chini chini. Mstari ulioliwa na asidi una unene karibu sawa mwanzo hadi mwisho, na ncha zake ni butu. Uliochimbwa kwa patasi ya mchongaji hunenepa katikati, kisha huishia kwa ncha kali. Uliokwaruzwa kwa sindano kavu una ukingo wenye ukungu, kama mahameli, kwa kuwa wino umenasa kwenye vinyweleo vya shaba vilivyoinuliwa na sindano. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu! Vinyweleo hivyo husagwa na mashine ya kuchapia baada ya chapa chache tu, kwa hiyo nakala za mwisho zina vivuli vilivyopauka. Usimlaumu msanii kwa weusi hafifu kabla hujaona nakala ya mapema.

Sasa kisa. Jupiter, mkuu wa miungu ya Warumi, hapa hana tai wala radi, alama zake za kawaida, maana amejigeuza satiri, nusu mtu nusu mbuzi, amvizie Antiope, mwanamke mrembo wa hadithi za kale, aliyelala. Ndiyo maana watu huchanganya: chapa ya msanii Mwitaliano Annibale Carracci ya 1592, ambayo Rembrandt aliifuata, mara nyingi huitwa Venus (mungu wa kike wa mapenzi) na satiri. Linganisha hizo mbili. Mwanamke wa Rembrandt ni mzito wa usingizi, mwili wa kweli kabisa, si sanamu ya marumaru.