Jinsi ya kupima udhaifu wa mwili wa mgonjwa wa Crohn au kolaitisi ukiwa nyumbani

Kila tukiingia kliniki shangazi anaulizwa: choo mara ngapi? Kuna damu? Tumbo linauma? Naye hujibu: mara mbili, hakuna, kidogo tu. Basi anaendelea vizuri. Tukirudi nyumbani anahema kwa kuinuka kwenye kochi kwenda kufungua mlango. Ana miaka 58, na kolaitisi ya vidonda anayo mwaka wa 11 sasa. Huo ni uvimbe wa kudumu wenye vidonda kwenye utumbo mpana; Crohn ni nduguye, ila huweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na bado nilichelewa kuona kwamba utumbo unaweza kutulia huku mwili umechakaa.

Vigezo vingi ninavyotumia hapa si vyangu. Mtafiti Linda Fried na wenzake walivitoa 2001 kwa ajili ya wazee: kupungua uzito, uchovu, nguvu ndogo, mwendo wa polepole, na kujishughulisha kidogo. Mwenye vitatu kati ya hivyo huhesabiwa kuwa mdhaifu. Kwa magonjwa haya ya utumbo usisubiri uzee. Uvimbe wa muda mrefu, upungufu wa damu, kula kwa woga na dawa za steroidi vinaweza kumfikisha huko hata kijana.

Hatua ya 1: uzito

Mizani ileile, asubuhi, baada ya choo, mara moja kwa wiki. Andika kwenye daftari. Programu za simu sizitaki. Simu ikiharibika na rekodi zimekwenda, na daktari hatashika simu yako apekue grafu. Unachotafuta ni kupungua kwa 5% au zaidi ndani ya mwaka bila kukusudia. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 3.

Mgonjwa akiwa kwenye prednisoloni, moja ya dawa hizo za steroidi, usiiamini mizani. Mwili hushika maji na mafuta, uso unajaa, huku misuli ya mapaja inakwisha kimyakimya. Shangazi aliongezeka kilo 2, sote tukashangilia.

Hatua ya 2: uchovu

Usiulize "umechoka?" Utajibiwa "nimezoea, mwanangu." Uliza hivi: katika siku 7 zilizopita, siku ngapi kila ulichofanya ulikifanya kwa kujilazimisha? Siku 3 au zaidi, weka alama. Andika pia aliamka mara ngapi usiku kwenda choo.

Hatua ya 3: kiti

Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi. Kipimo chenyewe ni rahisi: mtu anakaa, anakunja mikono kifuani, anainuka mpaka magoti yanyooke, anakaa tena, mara 5, haraka awezavyo. Ikizidi sekunde 15, misuli ni dhaifu. Siku ya kwanza shangazi alipata sekunde 24, ya pili 13, ya tatu 19. Mtu yuleyule, wiki ileile.

Kosa la kwanza lilikuwa kiti. Nilianza na kochi, na kochi linammeza mtu. Tafuta kiti kigumu kisicho na mto wala pa kuwekea mikono, cha kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze.

La pili ni mikono. Atashika paja bila kujijua. Akishika, kipimo hicho kifute. Mwache apumzike dakika chache, kisha aanze upya. Akishindwa kuinuka hata mara moja bila kushika, andika "hakuweza". Hilo nalo ni jibu, tena zito.

La tatu lilinichukua muda mrefu zaidi kuligundua, na aliniambia mwenyewe kwa aibu: siku ya sekunde 24 alikuwa anabana haja. Mtu anayeogopa kujichafua hasukumi kwa nguvu. Anainuka kama amebeba yai. Sasa aende choo kwanza, apumzike dakika 10, ndipo tupime.

Halafu kuna magoti. Magonjwa haya huambatana na maumivu ya viungo, kwa hiyo muulize kilichomchelewesha. Kama ni maumivu, andika "goti" pembeni ya namba. Akiona giza au kizunguzungu, acha hapohapo. Wewe simama karibu naye muda wote, siyo mbele ukiwa umekazia macho simu. Na saa: mimi naisimamisha anaposimama mara ya 5. Wengine husubiri akae. Chagua moja usibadilishe.

Jambo moja la hatari. Steroidi hupenda kudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga, na ukimwambia mgonjwa hivyo atataka kuzitupa leo leo. Asithubutu. Aliyezitumia kwa wiki kadhaa akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza steroidi ya asili ya mwili ya kutosha. Hupunguzwa kidogokidogo, na daktari.

Hatua ya 4: mwendo

Mita 4, mwendo wa kawaida, aanze kutembea mita moja kabla ya mstari wa kuanza kupima. Sekunde 5 au zaidi ni polepole.

Hatua ya 5: maisha yamebaki wapi

Kuna dodoso fupi la SIBDQ, la ubora wa maisha ya wenye magonjwa haya ya utumbo: maswali 10 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 10 hadi 70. Kubwa ndiyo nzuri. Litumie ukilipata. Mimi naanza na langu: taja vitu vitatu ulivyoacha kufanya. Shangazi alitaja safari za basi, kwaya, na kumbeba mjukuu. Safari za basi ni shida ya utumbo. Kwaya ni kusimama saa nzima, na mjukuu ni kilo 11. Viwili kati ya vitatu ni miguu, na miguu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hatua ya 6: kliniki

Peleka ukurasa mmoja. Ulizia hemoglobini, feritini (akiba ya madini ya chuma), vitamini D, kalprotektini ya choo (huonyesha uvimbe wa utumbo), na vitamini B12, hasa kwa Crohn iliyoshika mwisho wa utumbo mwembamba au sehemu hiyo ikiwa imekatwa. Feritini inadanganya: ugonjwa ukichachamaa, hata ikiwa karibu na 100 madini ya chuma yanaweza kuwa yamepungua. Omba pia mtaalamu wa lishe. Ugonjwa ukiwa umechachamaa protini inayolengwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na wengi hawaifikii.

Ukisikia "ni mdhaifu mno kwa dawa kali", uliza maswali zaidi. Uvimbe wenyewe hula misuli, kwa hiyo kuutuliza kunaweza kurudisha nguvu. Ni kweli mdhaifu hupata maambukizi kwa urahisi zaidi, ndiyo maana habari ya chanjo izungumzwe mapema.

Rudia vipimo kila wiki 4, kwa kiti kilekile. Chetu nimekiandika jina chini yake, maana watoto hukihamisha.