Kichupa kimoja, mbwa kumi

Wenye mbwa hapa Moshi, kabla hujamwita daktari wa mifugo peke yako, piga hodi kwa majirani kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huja kwenye kichupa cha dozi 10, na kikishafunguliwa hakikai. Ukiwa na mbwa mmoja, nauli ya daktari na usumbufu wote ni wako. Sisi huku Pasua tulikusanya mbwa 8 na paka 2 (ndiyo, paka nao huchanjwa), tukaongea na afisa mifugo wa kata, akaja Jumamosi asubuhi na bodaboda. Nauli tukachangiana. Mzee mmoja alimleta mbwa wake kwa kamba ya katani, ikakatika. Vurugu lake sisimulii.

Akifika, angalieni kama chanjo imekuja kwenye kibebeo chenye barafu, maana inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyopigwa jua ni hela imemwagika. Kila mnyama aandikiwe kadi yake, na uitunze kama ya kliniki ya mtoto. Ikikaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tegeni sikio kwa mwenyekiti wa mtaa, kuna miaka chanjo hutolewa bure.

Halafu paka akiugua, tafadhali, usimpe Panadol eti unaokoa gharama. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.