Pindo la meno kwa shali ya kufuma, na hesabu ya zawadi za marafiki

Shali ya zawadi hapa Dodoma ina msimu wake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, kwa hiyo kuanzia Juni mpaka Agosti joto la mchana halikai: jua likizama tu, watu wanatafuta cha kujifunika. Anayepewa shali Septemba ataikunja na kuiweka kabatini. Lenga kumaliza mwisho wa Mei, na anza hesabu zako kwenye pindo. Mwili wa shali unaufuma huku mnapiga soga. Pindo linataka macho, na ndilo linaloamua utamaliza zawadi ngapi.

Mwili tunaoutumia hapa ni mstatili wa vitanzi 75, uzi wa unene wa kati, sindano mbili za milimita 5. Upana unatoka kama sentimita 40 hadi 45. Urefu wa sentimita 150 unamtosha mtu mzima. Ukitaka upana mwingine, badilisha idadi lakini ibaki inagawanyika kwa 5, kwa sababu kila jino la pindo, yaani kila ncha inayochomoza ukingoni, linakula vitanzi 5 vya shali.

Usianze mwili kwa uzi wenyewe. Anzisha vitanzi 75 kwa uzi wa pamba wa rangi nyingine, fuma mistari mitatu, kisha ingiza uzi wa shali. Mwishoni utaufumua ule wa pamba na kupata vitanzi vilivyo wazi upande wa pili, tayari kupokea pindo. Angalizo moja: ukivifungua kutoka chini utahesabu 74. Hakuna kilichopotea. Kile cha 75 ni nusu kitanzi kilichojikunja pembeni kabisa. Kiokote kwa ncha ya sindano.

Kabla ya kununua, jua uzi ni wa nini. Uzi mwingi unaouzwa kwa mabonge madukani ni akriliki, na kibandiko cha bonge mara nyingi kimeshachanika. Choma ncha ya sentimita mbili juu ya sahani: akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, pamba inanuka karatasi. Nunua mabonge yote ya shali moja siku moja, na yatoe nje ya duka uyaangalie juani. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa mchana, na mstari wa tofauti hiyo haufichiki.

Sasa pindo. Vitanzi vya shali vikiwa kwenye sindano ya kushoto, anzisha vitanzi 6 vipya mbele yake, kwenye sindano hiyo hiyo. Mistari yenye namba witiri inatoka ukingoni kwenda kwenye shali. Yenye namba shufwa inarudi. Neno "tundu" hapa chini maana yake ni kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano ya kulia kabla ya kitanzi kinachofuata. Neno "unga" maana yake ni kufuma pamoja kitanzi cha mwisho cha pindo na kimoja cha shali, kisha kugeuza kazi. Neno "funga" maana yake ni kufuma viwili na kupitisha cha kwanza juu ya cha pili kitoke sindanoni. Namba ya mabano ni vitanzi vya pindo mwishoni mwa mstari.

Mstari 1: fuma 2, tundu, fuma 1, tundu, fuma viwili pamoja, unga. (7)
Mstari 3: fuma 2, tundu, fuma 2, tundu, fuma viwili pamoja, unga. (8)
Mstari 5: fuma 2, tundu, fuma 3, tundu, fuma viwili pamoja, unga. (9)
Mstari 7: fuma 2, tundu, fuma 4, tundu, fuma viwili pamoja, unga. (10)
Mstari 9: funga vitanzi 4, kimoja kimebaki sindano ya kulia, fuma 2, tundu, fuma viwili pamoja, unga. (6)
Mistari 2, 4, 6, 8 na 10: hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma, vingine vyote fuma kawaida, pamoja na uzi wa matundu.

Hilo ni jino moja. Rudia mara 15 na vitanzi 75 vya shali vimekwisha. Funga 6 vilivyobaki. Matundu ya nje yanapanda pamoja na jino, na yale ya ndani yanaacha mstari mmoja ulionyooka kando ya shali. Mistari miwili ya pindo inakula kitanzi kimoja cha shali kwa sababu mfumo huu wa vitanzi vya kawaida pande zote hujibana kwa urefu: mistari miwili ina kimo cha karibu upana wa kitanzi kimoja. Ndiyo maana pindo linakaa sawa bila kuvuta wala kujikunja. Ukiona linajikunja kama marinda, umeruka kuunga mahali. Likivuta shali na kuikusanya, unakaza mno mkono.

Hesabu kila unapomaliza mstari shufwa: 7, 8, 9, 10, 6. Kosa linalotokea zaidi ni tundu lililosahaulika, na dawa yake ni rahisi likigunduliwa mapema: kwenye mstari wa kurudi, ukifika mahali pake, inua kwa sindano uzi unaolala kati ya vitanzi viwili na uufume kama kitanzi. Ukiligundua meno mawili baadaye, fumua. Ili kufumua kusiwe msiba, kila baada ya jino la tatu pitisha uzi wa cherehani kwa sindano ya kushonea kwenye vitanzi 6 vya pindo na uuache humo. Hata sindano zikichomoka, kazi haiendi chini ya hapo. Kuhusu mstari wa 9, fungia kwa ulegevu. Ncha ya jino iliyokazwa hujikunja ndani, na hakuna kunyoosha kutakakoifungua.

Kunyoosha kunategemea uzi. Sufu na pamba: loweka, kamua ndani ya taulo bila kusokota, tandaza juu ya godoro lililofunikwa shuka na bana kila ncha ya jino kwa pini isiyoshika kutu. Fanya hivyo ndani, maana upepo wa kiangazi unaleta vumbi jekundu moja kwa moja kwenye uzi mbichi. Akriliki ikikauka inarudi ilivyokuwa, inahitaji mvuke: ibane ikiwa kavu, weka kitambaa kibichi juu, shika pasi sentimita tatu juu yake bila kugusa. Pasi ikigusa, uzi unalala moja kwa moja na haurudi tena. Pasi ya mkaa tusiitumie hapa, cheche moja inatosha.

Basi, zawadi ngapi? Ukishazoea, pima kwa simu dakika za jino moja na zidisha kwa 30, maana shali ina ncha mbili. Jino la dakika 8 ni saa 4 za pindo kwa kila shali. Pima uzi vilevile: fumua jino la majaribio, nyoosha uzi kwenye futi ya fundi, zidisha kwa 30, kisha utenge kiasi hicho kwenye bonge la pembeni kabla ya kufuma mwili. Wengi huishiwa uzi kwenye jino la ishirini na kitu kwa kuruka hatua hii.

Shali wape wawili au watatu wa karibu kabisa. Kwa wengine, na kwa kitchen party, pindo peke yake linatosha: fuma mistari ile ile, ila badala ya kuunga, fuma kitanzi cha mwisho peke yake. Lishone kwenye taulo, au kwenye kitambaa cha meza cha kitenge. Kitenge kifuliwe kwanza, kwani kikisinyaa baada ya kushonwa pindo litabaki limejaa mawimbi. Mwenye mtoto mchanga usimpe pindo lenye matundu kwa blanketi la mtoto, vidole vinanasa. Kila zawadi iende na mita mbili za uzi uliobaki kwa ajili ya kurekebisha, na karatasi ndogo iliyoandikwa uzi ni wa nini na usipigwe pasi kama ni akriliki.